Laxton, Kijiji Kisicho na Ua

Mwaka 1952 serikali ya Uingereza ilinunua kijiji kizima. Haikukinunua ijenge bwawa wala kambi ya jeshi. Ilikinunua ili kisibadilike. Kijiji hicho ni Laxton, katika jimbo la Nottinghamshire, maili 10 hivi kutoka mji wa Newark, na muuzaji alikuwa Earl Manvers, kabaila ambaye ukoo wake ulikuwa umekimiliki kwa vizazi. Mimi nilifika huko Oktoba 1978 nikakaa hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Nilikuwa afisa kijana wa ardhi kutoka milima ya Taita, nimepelekwa kozi na serikali ya Kenya, na kazi iliyokuwa ikinisubiri nyumbani ilikuwa ni kuwafanyia watu wetu jambo lile lile ambalo Laxton ilikuwa imelikwepa.

Nieleze kazi yenyewe kwanza. Kwetu Werugha, mzee wa makamo alikuwa na kishamba cha mahindi na maharagwe mlimani karibu na nyumba, kingine bondeni penye maji kwa ajili ya mboga na viazi, na kingine chini kabisa, nyikani, alikopanda mtama na kuomba Mungu tembo wa Tsavo wasimtangulie kuvuna. Baba yangu alikuwa navyo vya namna hiyo. Mvua ikimnyima juu, humpa chini. Serikali iliuona utaratibu huo kuwa ni upotevu wa nguvu na wakati. Tangu mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa 1954, ulioitwa mpango wa Swynnerton, fundisho lilikuwa moja: vipande vikusanywe, kila mtu apate shamba moja lenye bikoni za mpaka na ua, apewe hati, na hati hiyo aweze kuipeleka benki akakopa. Sheria za 1968 ziliendeleza kazi hiyo chini ya serikali yetu wenyewe, na sisi vijana tulioajiriwa kuitekeleza tulifundishwa darasani kwamba hivyo ndivyo Mwingereza alivyotajirika. Alizungushia shamba ua, akaacha kubishana na jirani, akaanza kulima kwa akili.

Haukuwa uongo mtupu. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia ua mashamba ya pamoja na malisho ya umma, ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya nchi ya England. Kilichoachwa darasani ni habari za waliobaki nje ya ua, waliopoteza haki ya kulisha ng'ombe wao mmoja na kuokota kuni, wakaishia kuwa vibarua. Hizo nilizisikia kwa mara ya kwanza Laxton, jikoni, kutoka kwa mwenyeji wangu, mkulima aliyeacha shule akiwa mdogo lakini akizijua sheria za ardhi za kwao kuliko wahadhiri wangu wote.

Mwalimu mmoja wa chuo ndiye aliyenitafutia nafasi kwa mkulima huyo. Kwa treni kutoka London nilikuwa nimeiona England ile ya kwenye vitabu: miraba ya kijani, kila mmoja na ua wake wa michongoma, kondoo ndani. Laxton kwenyewe barabara moja kuu inapita kati ya nyumba za matofali mekundu, nyingi zimeipa barabara ubavu badala ya uso, na nyumba hizo ndizo mashamba: zizi, ghala na trekta viko pale pale kijijini, na asubuhi ng'ombe wanakatiza mtaani mbele ya basi. Ukipita nyumba ya mwisho, ua unakoma. Ardhi inafunguka mbele yako, imepigwa mistari mirefu ya rangi mbalimbali, na hakuna uzio wala lango. Nilisimama nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimesafirishwa kwa fedha za umma kwenda kuona mwisho mwema wa kazi yetu, na hapa palikuwa na watu ambao kazi hiyo haijawafikia.

Mashamba makubwa ya wazi yalikuwa matatu: West Field, South Field na Mill Field, yote kwa jumla chini ya ekari 500. Kila mkulima ana kanda zake zilizotawanyika humo, moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya jirani watatu. Zamani zilikuwa nyembamba na nyingi mno. Mwanzoni mwa karne ya 20 ziliunganishwa zikawa pana kidogo na chache, vinginevyo trekta isingepata pa kugeukia. Kila mwaka shamba moja hupandwa ngano ya msimu wa baridi, la pili hupandwa nafaka au mazao mengine ya majira ya kuchipua, la tatu hulazwa lipumzike, kisha wanabadilishana. Mtu hachagui. Ukanda wako ukiwa katika shamba la ngano, utapanda ngano; ukiwa katika shamba linalopumzishwa, jembe lako lipumzike pia. Kati ya kanda, mahali penye mteremko au majimaji pasipolimika, kuna vipande vya majani ambavyo hakuna mwenye ruhusa ya kuvigusa kwa plau. Majani yake hupigwa mnada wakati wa kiangazi, na fedha hugawanywa kwa wenye haki.

Udongo wa hapo ni mfinyanzi mwekundu, mzito, unaokamata gambuti na kukataa kuziachia. Wakulima walinieleza kwamba udongo huo una siku chache tu za kulimika katika majira, kabla haujawa tope na kabla haujawa matofali. Kwa hiyo siku ikifika, wote wako shambani kwa pamoja, na kila mmoja anaona jinsi mwenzake anavyolima. Hilo lilinikaa akilini.

Mama mwenye nyumba alinipa chumba cha juu chenye dirisha linalotazama mnara wa kanisa. Hakukuwa na joto ila jiko la mafuta ya taa, ambalo nilikatazwa kuliwasha usiku. Alinipikia viazi kwa namna zote ambazo kiazi kinaweza kupikwa, na nilipoomba pilipili alinisogezea kichupa cha pilipili manga kwa uangalifu, kana kwamba ni dawa. Jumapili yangu ya kwanza ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani. Madhabahuni walipanga maboga, vitunguu, matofaa na mkate mkubwa uliookwa kwa umbo la mganda wa ngano. Mimi niliyelelewa katika misheni ya Kianglikana niliona nimefika kwa ndugu: nyimbo zilikuwa zile zile, ila wao waliziimba polepole zaidi na bila kupiga makofi. Ndani ya kanisa hilo la Mtakatifu Mikaeli kuna sanamu ya mwanamke aliyelala, imechongwa kwa mti wa mwaloni katika karne ya 14, wa ukoo wa de Everingham waliokuwa mabwana wa kijiji. Waume wa ukoo huo wamechongwa kwa jiwe. Nilimwuliza mzee mmoja wa kanisa kwa nini yeye ni wa mti. Akanijibu kwamba labda jiwe lilikwisha.

Watu waliniuliza sana habari za Mzee Kenyatta, aliyekuwa amefariki tarehe 22 Agosti mwaka ule, muda mfupi kabla sijasafiri. Waliuliza kwa heshima, ingawa wachache waliuliza pia, kwa sauti ya chini, kama sasa nchi ingeharibika. Mmoja hakuuliza kitu. Alikuwa baharia wakati wa vita kuu ya pili, katika manowari zilizohamia Kilindini mwaka 1942, na aliponiona baani alisimama na kunisalimu, "Jambo, habari?" kisha akatoa maneno yote aliyoyaweka kichwani kwa miaka 36: maji, moto, haraka, pole pole, na mengine mawili ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baadaye alikuwa akinitambulisha kwa wageni kama mtu wa mjini kwake. Nilimweleza mara kadhaa kwamba Taita ni milimani, si Mombasa. Hakujali. Kwake Kenya yote ilikuwa na minazi.

Baridi ile ya 1979 hata Waingereza wenyewe wanaikumbuka. Theluji ilianguka na kugandana, na nchi nzima ilikuwa kwenye migomo: madereva wa malori, wazoa taka, wahudumu wa hospitali. Redioni walisema Uingereza inazama. Kijijini mambo yalikuwa ya karibu zaidi. Chakula cha mifugo kilichelewa, wakulima wakaazimana magunia, na mwenyeji wangu akatoka na trekta kufungua njia mpaka kwa jirani ambaye, kama nilivyokuja kujua, hakuwa amesemezana naye tangu kiangazi. Walifungua njia, wakagawana magunia, na hawakusemezana. Kwenye anga ya mashariki, siku isiyo na ukungu, ungeweza kuona mvuke wa vituo vya umeme vya bonde la mto Trent, vilivyokula makaa ya migodi ya jirani. Vijana wengi wa maeneo yale walikwenda mgodini Ollerton, kwa kuwa mshahara wa mgodi ulikuwa unajulikana na wa shamba ulitegemea mvua. Nasema haya ili mtu asidhani niliishi katika picha ya kalenda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwishoni mwa Novemba, ngano ikishapandwa, kijiji kina siku ya ukaguzi. Jopo la wakulima 12, likiongozwa na kiongozi wao, hukutana Dovecote Inn, baa ya kijiji. Nilipewa ruhusa ya kufuatana nao. Walipanda tela la trekta, wazee kwa vijana, makoti yamefungwa kwa kamba za manila, wakaenda kwenye shamba lililopandwa ngano mwaka ule. Huko walishuka na kutembea kila ukanda wakitazama mambo machache tu. Je, kuna aliyelima akaumega mpaka wa jirani? Kuna aliyeingia kwenye majani ya wote? Mitaro imezibuliwa? Barabara ya shambani imebaki na upana wake? Walikuwa na vigingi vya mti na nyundo kubwa. Palipokuwa na shaka walipima, wakabishana, wakapigilia kigingi, wakaendelea. Hakukuwa na mpima ardhi wala karatasi, ila ile ya kiongozi wao aliyoandikia makosa.

Mimi niliyekuja na ujuzi wa kusoma ramani za picha za ndege nilimwuliza mmoja wao anajuaje kwamba mpaka uko pale na si hatua mbili kushoto. Akanitazama kama mtu anayeulizwa anajuaje mlango wa nyumba yake. "Nimelima hapa," akasema. Ramani wanayo, tena ya ajabu: mwaka 1635 bwana mmoja mwenye kijiji aliagiza upimaji, na mchoraji aitwaye Mark Pierce akachora kila ukanda, akaweka na watu wadogo wanaolima, wanaovuna na wanaowinda. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na mimi nilionyeshwa nakala. Wataalamu huienzi. Siku ya ukaguzi sikumsikia hata mmoja akiitaja.

Juma moja baadaye likakaa baraza la kijiji linalohukumu makosa hayo, ndani ya baa ile ile. Si mkutano wa kirafiki. Ni mahakama halali iliyorithiwa tangu enzi za mabwana wa ardhi, yenye msimamizi wa kuwakilisha bwana wa kijiji, karani, na hata mtu aliyeteuliwa kukamata mifugo inayozurura na kuitia kwenye boma. Majina yaliitwa. Asiyefika bila udhuru alitozwa penni chache. Kisha makosa yakasomwa mbele ya watu wote: fulani amelima futi kadhaa ndani ya barabara, fulani hakuzibua mtaro. Faini zilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha, bei ya bia chache. Lakini niliwatazama waliotajwa. Mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Faini haikumuuma, kilichomuuma ni kusomwa jina mbele ya watu ambao mwakani wangemkagua tena, naye angewakagua wao. Hapo hapo jopo la mwaka uliofuata likaapishwa, kisha bia zikaagizwa. Jopo lile lilikuwa la wanaume watupu. Wanawake walikuwa upande wa jikoni, na mama mwenye nyumba wangu, ambaye alijua hesabu za shamba kuliko mumewe, alisema tu kwamba mtu lazima apike.

Nilirudi chumbani nikiandika kwa haraka. Nilikuwa nimeona kamati za wazee kwetu zikikaa na kutoa hukumu kama hizo hizo chini ya mti, na nilikuwa nimeona pia jinsi tulivyozifuta. Tulizitumia kututajia nani ana kipande gani, tukazishukuru, tukachukua majibu yao tukaweka kwenye daftari la serikali, na tangu siku hiyo neno la mzee halikuwa na nguvu mbele ya daftari. Niliandika kwamba wataalamu walikosea, kwamba vipande vilivyotawanyika vinaweza kulimwa vizuri kwa trekta, kwamba siri ni jicho la jirani. Niliifurahia hoja yangu kwa miezi kadhaa.

Aliyeitoboa ni mwenyeji wangu. Jioni moja ya majira ya kuchipua, uchaguzi wa Mei 1979 ukiwa umekaribia, tulikuwa tukizungumza siasa na nikamwuliza angeuza ukanda wake wa South Field kwa bei gani. Akacheka sana. Hakuwa na cha kuuza. Wote walikuwa wapangaji. Bwana wa kijiji, yule ambaye baraza lilikaa kwa jina lake, alikuwa Waziri wa Kilimo mwenyewe, na kodi ilikwenda wizarani. "Kama ungekuwa wangu," akaniambia, "ningekuwa nimeshabadilishana na huyu wa pembeni, tukaunganisha, tukaweka waya. Na yeye vivyo hivyo. Baraza lingekufa kabla ya Krismasi."

Sikulala vizuri. Maana yake ni kwamba ule ujirani niliousifu ulisimama juu ya jambo ambalo sikulitazama: hakuna aliyeweza kuuza, kukopea wala kuzungushia ua. Kwetu, kabla ya hati, ilikuwa karibu hivyo hivyo, ila kizuizi hakikuwa kwa waziri. Kilikuwa kwa ukoo. Shamba la baba halikuuzwa kwa mgeni kwa sababu wajomba wangesimama njiani. Hati ilikuja kuwaondoa wajomba njiani. Waliotunga mpango walisema wazi kwamba hilo ndilo lengo, kumpa mkulima uhuru wa kukopa na kuuza, na kuna watu waliofaidi uhuru huo. Lakini serikali ile ile ya Uingereza ambayo utawala wake wa Kenya ulitoa mpango wa Swynnerton mwaka 1954 ilikuwa, miaka miwili nyuma, imekwisha kununua Laxton kwa fedha za walipa kodi ili kuhifadhi kinyume chake. Kwa Waingereza, kijiji kimoja kilikuwa urithi wa taifa. Kwa Wakikuyu, Wameru na Wataita, vijiji vyote vilikuwa tatizo la kitaalamu.

Nilirudi nyumbani nikaandika ripoti. Nilipendekeza kwamba katika sehemu za Taita ambako mtu hulima mlimani na nyikani, vipande viandikishwe vilipo bila kulazimisha kuunganishwa, na kamati za wazee zibaki na kazi ya kukagua mipaka kila mwaka. Mkubwa wangu aliisoma yote, jambo ambalo hadi leo namheshimu kwalo, akaniambia imeandikwa vizuri na kwamba benki haikopeshi kwa kigingi cha mti. Nikaendelea na kazi. Nimeweka bikoni nyingi katika maisha yangu. Hati nyingi nilizosaidia kutoa zimebaki kwenye masanduku zikiwa na majina ya babu waliokwisha kufa, huku wana na wajukuu wamejigawia shamba lile moja lililounganishwa kwa taabu, wakalikata vipande tena, safari hii bila daftari kujua. Baadhi yao wananunua vya nyikani kutoka kwa wengine, kwa sababu mvua haijabadilisha tabia yake.

Mwaka 1981 barua ilinifikia kutoka Laxton, kwa mwandiko wa mama mwenye nyumba. Serikali ilikuwa inapunguza matumizi na wizara ilikuwa inauza. Kijiji kizima, na wapangaji wake ndani. Watu walikuwa wameandika magazetini, wanahistoria wamelalamika, na hatimaye mnunuzi akawa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Taji, kwa makubaliano kwamba utaratibu wa zamani uendelee. Alimaliza kwa kusema kwamba mumewe haoni tofauti kubwa ila jina kwenye karatasi ya kodi. Mimi niliiona. Watu wale ambao amani yao ilitokana na kutoweza kuuza walikuwa wameuzwa wao, kwa mara ya pili katika miaka 30, na hakuna jopo lililoulizwa.

Wenyeji wangu wote wawili wamekwisha kufariki. Mwaka 2020 Crown Estate nao waliuza. Aliyenunua safari hii ni Thoresby Estate, mali ya warithi wa ukoo ule ule wa Manvers uliouza mwaka 1952. Mwanangu anayeishi Leicester alinitumia habari hiyo kwenye simu, akaniuliza kama ndicho kile kijiji changu. Wakulima ni wachache kuliko nilivyowaacha, na matrekta ni makubwa mno kwa zile kanda. Ukaguzi bado unafanyika baada ya ngano kupandwa, tela bado linatoka Dovecote na vigingi, na msimamizi wa baraza sasa anateuliwa tena kutoka upande wa ukoo wa kabaila.